Mihrabu Iliyofichwa Nyuma ya Mbao: Siku Moja Katika Misikiti ya Kale ya Cairo

Wahenga walinena, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nilikwenda Misri kumtazama mtoto wa kaka yangu anayesoma al-Azhar, na nilidhani nitarudi na habari za masomo yake tu, pamoja na tasbihi na mafuta mazuri ya kuwagawia jamaa. Kumbe nilikuwa nimebeba kisa cha nyumbani ndani ya mkoba wangu, na kisa hicho ndicho kilichonitembeza mjini Cairo kutwa nzima.

Mpenzi msomaji, ngoja nikueleze ili twende pamoja. Katika mtaa wetu, huku Mji wa Kale, Mombasa, tuna msikiti mdogo ambao watu wazima tuliopo sote tumeukuta. Mihrabu yake ni ya mawe ya matumbawe, nayo hupakwa chokaa kila ikaribiapo Ramadhani, mwaka baada ya mwaka, hata umbo lake limevimba kama mkate wa sinia. Marehemu babu yetu alikuwa akisema kwamba chini ya chokaa ile mna nakshi za mafundi wa kale, lakini hakuna katika sisi aliyepata kuziona.

Basi akatokea mfadhili mmoja, Mola amlipe kwa nia yake, akasema kwamba atatutengenezea ukuta wote wa kibla kwa vigae vya kung'aa kutoka ng'ambo, kwa sharti moja tu: ile mihrabu kuukuu ivunjwe. Kamati ikakubali. Na mimi, ambaye ndiye katibu, niliinua mkono pamoja na wenzangu. Kaka yangu peke yake ndiye aliyekataa, akaondoka kikaoni bila ya kunywa kahawa. Barua ya kumjibu mfadhili ilikuwa imekwisha andikwa, ikakosa sahihi yangu tu. Nikaitia mkobani, nikapanda ndege.

Yule kijana alikuwa amekwisha pata habari zote kutoka kwa baba yake. Hata hivyo hakuniuliza neno. Usiku wa kwanza alinikirimu kwa mkate na ful, yale maharagwe ya Wamisri, kisha akasema, "Ami, kesho sina darasa. Nipe siku moja, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, nikutembeze."

AL-AZHAR KABLA YA JUA

Tulisali alfajiri katika Msikiti wa al-Azhar wenyewe. Wafatimi waliouasisi mji wa Cairo mwaka 969 ndio walioujenga, na sala ya kwanza ilisaliwa humo mwaka 972. Tangu hapo watawala wamepita, madhehebu yamebadilika, na msikiti umeongezwa na kuongezwa, hata leo una minara mitano, mmoja wao ukiwa na vichwa viwili.

Watu walipokwisha kutawanyika, kijana akanishika mkono akaniongoza katikati ya nguzo. Nguzo za pale ni msitu. Nikadhani anipeleka ukutani, kumbe tulisimama kabla hatujaufikia ukuta wa mbele. Mbele yetu palikuwa na mihrabu katikati ya msikiti, imesimama peke yake, na nyuma yake safu za nguzo zinaendelea!

"Mbona kibla kiko katikati ya watu?" niliuliza.

"Hiki ndicho kibla cha kwanza, Ami," akajibu. "Katikati ya karne ya 18 alikuja amiri mmoja, Abd al-Rahman Katkhuda, akaona msikiti hauwatoshi watu. Akaupanua kwa kuelekea mbele, na ukuta wa zamani ukaondolewa. Lakini mihrabu hakuivunja. Aliiacha mahali pake, akajenga nyingine mpya kule mbele."

Nikasogea kuitazama. Ndani ya tao lake la juu mna nakshi za chokaa zilizochongwa kwa mkono, majani na mashina yanayojikunja na kurudi yalikotoka, na maandishi ya khati ya Kufi yaliyofuata ukingo wa tao. Nakshi zile ni za zama za Wafatimi. Lakini kilichonigusa zaidi ni habari aliyonipa kijana baadaye: kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeziona, kwa sababu mihrabu ilikuwa imefunikwa kwa mbao. Mwaka 1933 ndipo mkaguzi wa majengo ya kale alipoziondoa mbao hizo, na nakshi zikatokea.

Kijana hakusema zaidi. Lakini mimi niliikumbuka chokaa ya msikiti wetu, na kwa mara ya kwanza ile barua ikaanza kuwa nzito.

MATOFALI YA IBN TULUN

Jua lilipopanda tulichukua teksi mpaka kwenye Msikiti wa Ahmad ibn Tulun. Huu ni mkubwa kuliko mkongwe wa al-Azhar kwa umri pia, maana ulijengwa kati ya mwaka 876 na 879, kabla mji wa Cairo wenyewe haujaasisiwa, na ndio msikiti wa kale zaidi nchini Misri uliobaki katika umbo lake la asili. Ibn Tulun alikuwa mtoto wa mtumwa wa Kituruki, akalelewa Samarra huko Iraki, akatumwa Misri kuwa liwali, kisha akajifanya mtawala wa nchi. Ndiyo maana msikiti wake unafanana na ya Samarra, pamoja na mnara wake ambao ngazi zake zinauzunguka kwa nje.

Ukiingia, kwanza huoni nakshi. Unaona ua mpana na anga. Ua ule hauna mti wala kivuli, na sauti za magari zilizokuwa zikitusumbua barabarani hukatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Kisha macho yanazoea, unaanza kuona matao. Yote ni ya matofali yaliyopakwa lipu, na juu ya ile lipu mafundi walichonga mapambo. Mbao zilizopigwa chini ya dari, kuuzunguka msikiti wote, zimechongwa aya za Kurani kwa khati ya Kufi, na urefu wake kwa jumla ni karibu kilomita mbili. Madirisha ni 128, na kila moja lina wavu wa chokaa wenye umbo lake. Machache katika hayo ni ya tangu siku za Ibn Tulun mwenyewe.

Hakuna popote sura ya mtu wala ya mnyama. Kuna duara, nyota, jani na neno. Nilikaa chini nikaegemea nguzo, nikajaribu kulifuata shina moja la nakshi kutoka mwanzo wake mpaka mwisho. Nikashindwa. Kila nilipodhani limekoma, lilikuwa limeingia chini ya jingine likatokea upande wa pili.

"Lakini mwanangu," nikasema, maana swali hili lilikuwa likinikera tangu alfajiri, "si wanazuoni wengine wamechukia mapambo msikitini? Sisi katika kamati tulisema hivyo. Tulisema afadhali ukuta mweupe ulio safi, mtu asali bila ya kushughulishwa."

Kijana alitabasamu. "Kweli wamehitilafiana, Ami. Wako wanaochukia kila kinachomshughulisha mwenye kusali, na wako walioruhusu kwa nia ya kuutukuza msikiti. Mimi ni mwanafunzi, siwezi kuwaamulia. Lakini hivyo vigae vya kung'aa mnavyotaka kuvitia, navyo si mapambo?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jawabu, na sina mpaka leo.

Akaniinua, akanionyesha kwamba ndani ya msikiti ule mna mihrabu sita. Kubwa iko ukutani, nyingine ni bapa, zimechorwa kwa chokaa, nyingi zikiwa juu ya nguzo. Mojawapo ni ya waziri al-Afdal, wa mwaka 1094, ambayo asili yake imehamishiwa makumbusho na pale pamewekwa nakala. Nyingine ilitiwa na Sultan Lajin. Kila mkubwa aliyekuja alitia alama yake, naye hakuiondoa ya aliyemtangulia.

Huyu Lajin ana hadithi yake. Alikuwa miongoni mwa maamiri waliohusika na kuuawa kwa Sultan Khalil mwaka 1293, akakimbia, akajificha ndani ya msikiti huu, ambao siku zile ulikuwa gofu lisilosaliwa. Akaweka nadhiri kwamba Mungu akimnusuru ataufufua. Mwaka 1296 akawa Sultan, akaitimiza nadhiri yake. Kuba lililo katikati ya ua ni lake, na mimbari ni yake pia.

Mimbari hiyo iliundwa kwa vipande vidogo vidogo vya mbao, vimechongwa kimoja kimoja na kuungamanishwa kuwa nyota. Nikaisifu. Kijana akatikisa kichwa. "Usiisifu mbio, Ami. Umbo ni la Lajin, lakini vipande vyake vingi viling'olewa katika karne ya 19 vikauzwa. Hivi sasa viko London, katika makumbusho ya Victoria and Albert. Huko huko iko na mimbari nzima ya Sultan Qaitbay. Hapa watengenezaji walijaziliza mapengo kwa mbao mpya."

La kusikitisha ni kwamba mambo haya hayakuisha na karne ile. Hata katika miaka ya karibuni wezi wameingia katika misikiti ya kale ya Cairo, wakabandua vipande vya mimbari vilivyotiwa pembe za ndovu na kuviuza. Mtu husali magharibi mimbari ikiwa nzima, akirudi alfajiri hukuta tundu.

MADRASA YA SULTAN HASSAN

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu mpaka chini ya ngome ya Salahuddin, kwenye Madrasa ya Sultan Hassan. Jengo hili lilianzwa mwaka 1356. Ukisimama mlangoni ukatazama juu, kofia yaweza kukuanguka, maana lango lake linafikia mita 38 hivi. Nakshi za mawe zinapanda pande mbili, na upande mmoja utaona mistari ambayo mafundi waliichora lakini hawakuimaliza kuichonga. Patasi zilisimama pale pale.

Ndani mna ua wenye birika la kutawadhia lenye kuba, na pande nne za ua mna kumbi nne kubwa zilizo wazi. Kila pembe ilikuwa na madrasa ya madhehebu moja: Shafi, Maliki, Hanafi na Hanbali. Sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi, tulikuwa na mlango wetu pale kama wenzetu. Nilimwambia kijana kwamba Ibn Battuta, aliyepita Cairo mwaka 1326 na kufika Mombasa mwaka 1331, aliwakuta wazee wetu ni Mashafi, akawasifu kwa ucha Mungu wao, na akaeleza kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kijana akacheka, "Basi hata sisi tulisifiwa kwa ufundi kabla Madrasa hii haijawekwa msingi."

Katika ukumbi wa kibla mna mkanda mpana wa chokaa ulioandikwa Sura ya al-Fath kwa khati ya Kufi, na kila herufi imekaa juu ya maua na majani. Nyuma ya ukuta huo liko kaburi, chumba kirefu chenye kuba, na humo kuna mkanda wa mbao ulioandikwa Aya ya Kursi. Nikauliza kama Sultan amelala pale.

"Hayupo," kijana akasema. "Wamelala wanawe. Yeye alikamatwa na maamiri wake mwaka 1361, na maiti yake haikuonekana."

Akanieleza pia jambo ambalo wapiga picha hawalijui. Sultan alikusudia kujenga minara minne. Mmoja, uliokuwa juu ya lango, ulianguka mwaka ule ule wa 1361, ukaua watu wapatao 300 kwa mujibu wa mwanahistoria al-Maqrizi, wengi wao watoto mayatima waliokuwa wakisoma Kurani chini yake. Watu waliona ni ishara mbaya, na kwa kweli haukupita muda mrefu Sultan naye akaondoka.

Nilikaa kimya nikiwafikiria watoto wale. Si kila kilichojengwa kwa ukubwa kilijengwa kwa ikhlasi, na si kila nakshi ni ibada. Sultan alitaka kaburi lake lionekane kutoka ngomeni, na kaburi halikumpata. Lakini mafundi walioiandika Sura ya al-Fath hawakuwa na kaburi la kujionyesha. Wao kazi yao imebaki inasomwa.

Tulisali adhuhuri humo humo. Nilipoinua macho baada ya dua, niliona minyororo mirefu inaning'inia kutoka juu, mamia kwa mamia. Taa zinazoning'inia leo si zile za kwanza. "Kandili zenyewe ziko wapi?" nikauliza. Kijana akasema, "Huko ndiko tunakokwenda."

KANDILI ZILIZOVUNJIKA

Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu yako Bab al-Khalq, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1903. Kabla ya hapo vitu vyake vilikuwa vimekusanywa katika ua wa Msikiti wa al-Hakim, kwa kuwa misikiti mingi ilikuwa ikianguka na vitu vyake vikiibwa.

Humo nilizikuta kandili za Sultan Hassan. Ni za kioo, zina tumbo pana na shingo iliyopanuka kama ua, na juu yake fundi aliandika kwa rangi ya samawati, nyekundu na dhahabu, kisha akazitia motoni ili rangi ishikamane na kioo. Kandili nyingi za zama zile za Mamluk zimeandikwa Aya ya Nuru, ile iliyo katika Sura ya ishirini na nne. Fikiri, msomaji: usiku ulipoingia na utambi ukawashwa, aya iliyotaja taa na kioo ilisomwa juu ya kioo, kwa mwangaza wa taa yenyewe. Sijui kama kuna tafsiri iliyo fupi kuliko hiyo.

Lakini kandili hizi nazo zimepatikana na mkasa. Tarehe 24 Januari, 2014, bomu lililotegwa ndani ya gari lililipuka mbele ya makao ya polisi yaliyo upande wa pili wa barabara. Watu walikufa. Madirisha ya makumbusho yakapasuka, dari zikaanguka, na vitu zaidi ya mia moja na hamsini vikaharibika. Vya kioo ndivyo vilivyoumia zaidi. Mafundi wa makumbusho waliokota vigae vya kioo sakafuni, wakavipanga kimoja kimoja, wakaunganisha. Milango ilifunguliwa tena mwaka 2017.

Nikatazama ndani ya kabati za vioo, nikaona aibu. Hawa waliinama kuokota vipande vilivyo vidogo kuliko ukucha ili wakiunganishe kitu kilichovunjwa na adui. Na sisi, bila ya adui yeyote, tulikuwa tukimlipia fundi aje na nyundo!

Katika chumba kingine nilikutana na mihrabu ya mbao iliyotengenezwa mwaka 1125 kwa ajili ya al-Azhar, kule kule tulikosali alfajiri. Maandishi yake ni ya Kufi. Nilipoyatazama nilikumbuka Kizimkazi, kule Unguja, ambako ukuta wa kibla una maandishi ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Yaani wakati mafundi wa Cairo walipoichonga mbao hii, mawe ya Kizimkazi yalikuwa yamekwisha chongwa miaka kumi na minane kabla. Watu wetu hawakungoja kufunzwa uzuri na vigae vya ng'ambo. Tazama na magofu ya Gedi, ambako mihrabu ya msikiti mkubwa ilipambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa ukutani. Tazama nyumba za kale za Lamu na Pate na zidaka zake za chokaa iliyochongwa. Ufundi huu ulikuwa mikononi mwa babu zetu. Sisi tumeupaka rangi mpaka tukausahau.

MLANGO ULIOHAMISHWA

Alasiri ilipopita tulitembea kwa barabara ya mafundi bati, wale wanaounda fanusi za Ramadhani, mpaka Bab Zuwaila, lango la kale la mji. Kando yake upo Msikiti wa Sultan al-Mu'ayyad Shaykh, uliojengwa kati ya mwaka 1415 na 1421. Mahali hapo palikuwa na gereza, na al-Mu'ayyad kabla ya kutawala alifungwa humo, akateseka, akaweka nadhiri kwamba akitoka atapageuza pawe mahali pa ibada. Akatoka, akatawala, akatimiza.

Mlango wake ni mkubwa, umefunikwa kwa shaba iliyonakshiwa nyota. Nikasema, "Mlango huu unafanana na jengo la Sultan Hassan."

"Ni wa Sultan Hassan," kijana akajibu. "Al-Mu'ayyad aliuchukua kule akauleta hapa. Inasemekana alilipa dinari mia tano."

"Kwa hiyo na wao walifanya kama sisi."

"Ndiyo, Ami. Hata wao walikuwa binadamu. Lakini tazama: miaka mia sita imepita, na mpaka leo kila anayeuona mlango huu huambiwa kwamba si wa hapa. Bei iliyolipwa haikuufanya uwe wa hapa."

Tukakaa kwenye baraza la duka moja la chai. Hapo ndipo nilipoitoa ile barua mkobani nikamwonyesha. Aliisoma polepole, akaikunja akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mimi ni mdogo, Ami, na haya ni mambo ya wazee," akasema. "Nitasema moja tu. Aliyeijenga mihrabu yetu aliitoa wakfu, akafa. Hayupo kujitetea. Mwenye msikiti naye yupo, lakini anatungoja sisi tuamue. Na msikiti ukiwa mdogo, Katkhuda alitufunza njia: ongeza mbele, usibomoe nyuma."

Adhana ya magharibi ikapaa kutoka minara miwili ya al-Mu'ayyad, ambayo imesimama juu ya lango la mji kama walinzi. Tukaingia kusali. Sikumjibu kijana, naye hakunidai jawabu.

NYUMBANI

Nilirudi Mombasa na barua yangu bila ya sahihi. Nikaenda kwanza kwa kaka yangu, nikamwomba radhi kwa siku ile ya kikao. Akanitazama kwa kitambo, kisha akaagiza kahawa.

Kamati tulikutana Ijumaa baada ya sala. Sikuwaambia kwamba walikosea, maana mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono yao. Niliwasimulia siku yangu kama nilivyokusimulia wewe, msomaji, na nikaomba jambo dogo: kabla hatujavunja, tukwangue chokaa mahali pamoja, upana wa kiganja cha mkono, tuone kama babu alisema kweli. Mabishano yalikuwa makali. Mzee mmoja alisema tunamchezea mfadhili. Mwingine alisema Cairo ni Cairo na sisi ni sisi. Mwishowe walikubali, kwa shingo upande.

Fundi alikuja Jumamosi na kisu chembamba na ndoo ya maji. Alilowesha, akakwangua, akalowesha tena. Ganda la kwanza lilikuwa jeupe, la pili la buluu, la tatu jeupe tena. Tulikuwa watu saba tumesimama nyuma yake, hakuna aliyesema. Ilipokaribia adhuhuri ikatokea ncha ya jani moja lililochongwa katika tumbawe, kali kana kwamba patasi imeondoka jana. Kando ya jani likaanza shina, nalo likaingia chini ya chokaa iliyobaki.

Mpaka ninapoandika haya, mfadhili hajatujibu barua yetu mpya, ambayo tulimwomba fedha zake zitumike kusafisha mihrabu, kuziba dari inayovuja na kuongeza mahali pa akina mama kusalia. Huenda akakubali, huenda akaenda kwingine, na tukienda kwingine naye hatutamlaumu. Fundi anasema kazi ya kukwangua itachukua miezi, maana haitaki haraka.

Nawe msomaji, katika mtaa wako pia pana msikiti ambao wazee waliujenga. Kabla ya kuinua mkono kikaoni, mwulize mkongwe aliyebaki ni kitu gani kiko chini ya rangi. Na kama hajui, chukua kisu chembamba na ndoo ya maji, anza na mahali padogo. Nyundo haikimbii. Ikihitajika itakuwapo kesho.